SIFURI YA PENSI SI RUHUSA YA KUGUSA



Kila fundi wa umeme anajua pensi ya kupimia ampea. Anaifungua mdomo, anaweka fili katikati, anaufunga, na hesabu inaonekana. Waya haukukatwa, mkono haukugusa shaba. Ni chombo kizuri. Lakini wengi wanakitumia bila kujua kinapima kitu gani, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Siku moja, katika atelye moja, niliona kijana akipima fili ya motere. Pensi ikaonyesha sifuri. Kijana akasema: «Umeme hakuna», akachukua ufunguo wake afungue buloni. Mzee mmoja akamshika mkono. Akaleta chombo cha kupimia volti. Tukasoma: 380. Kijana akanyamaza, na sisi wote pamoja naye.

Je, pensi ilisema uongo? Hapana. Sisi ndio tuliomsikiliza vibaya.

Mwaka 1820, mwalimu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, alionyesha ya kuwa sindano ya dira inageuka ikiwa karibu na waya unaopitisha umeme. Umeme ukitembea, nguvu ya sumaku inazunguka waya. Ampea zikiongezeka, sumaku inaongezeka. Ukienda mbali na waya, inapungua. Pensi inasikia sumaku hiyo tu. Haipimi volti. Basi sifuri yake inaweza kuwa na maana nyingi. Tutaje tatu.

Ya kwanza: mashini imesimama. Umeme hautembei, lakini uko pale pale unangoja njia. Ukigusa, njia ni mwili wako.

Ya pili: umefunga waya mbili pamoja, ule wa kwenda na ule wa kurudi. Sumaku ya mmoja inaua sumaku ya mwingine, na pensi inasoma sifuri hata kama resho inawaka. Pima waya mmoja mmoja.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwetu sisi watu wa shaba. Pensi ya kawaida inasikia tu sumaku yenye kubadilika, ile ya umeme wa kwenda na kurudi. Kwa umeme wa moja kwa moja, kama ule wa batri au wa elektrolizi, inabaki sifuri, hata maelfu ya ampea yakipita. Hapo inatakiwa pensi yenye kipimo cha Hall. Jina hilo ni la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua jambo hilo mwaka 1879. Na umeme wa namna hii hauko mbali nasi: hata ile laini ndefu ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, iliyomalizika mwaka 1982, inaleta umeme wa moja kwa moja. Soma alama kwenye pensi yako mbele ya kuamini hesabu yake.

Tusidharau kipimo cha sumaku. Katika jumba la elektrolizi, katodi ikigusana na anodi, umeme mwingi unapita pale na shaba inaharibika. Mfanyakazi mwenye kipimo cha sumaku anapita juu ya mabeseni na kupata mahali penye ubaya bila kugusa kitu. Lakini sumaku ile ile inaweza kusumbua kifaa cha kuendesha moyo. Mwenye kuwekewa kifaa hicho asiingie pale mbele ya kuuliza daktari wake.

Wengine wanasema: «Kupima mara mbili ni kupoteza wakati.» Tunajibu: kupima volti ni kazi ya dakika moja. Mlimiampea 30 tu zikipita mwilini zinaweza kusumbua moyo mpaka usimame, na pensi nyingi za kazi kubwa hata hazisomi hesabu ndogo namna hiyo. Kwa hiyo tunawaomba mashefu: msimpe mtu pensi peke yake. Mpeni na chombo cha kupimia volti, na mmweleze vyote viwili. Na amri ibaki moja: kata umeme, funga kwa kufuli, weka kibao, pima volti, ndipo uguse. Pensi haichukui nafasi ya kufuli.

Na ninyi mama wa nyumba, jambo hili linafika mpaka jikoni. Resho ya wati 2000 kwa volti 220 inakula karibu ampea 9. Resho mbili ni 18. Ongeza pasi ya wati 1000, mnapita 22. Fili nyembamba ya milimeta mraba 1.5 kwa kawaida inalindwa kwa ampea 16. Fuzi ikiungua, haikukosa: imewaambia ukweli. Baba akiifunga kwa kipande cha waya nene, amemfunga mlinzi mdomo, na moto utaanza ndani ya ukuta watoto wakiwa wamelala. Zima resho moja, kisha piga pasi.

Ndugu, chombo kinajibu swali kililoulizwa tu. Pensi inajibu: «Umeme unatembea?» Haijibu: «Nitapona nikigusa?» Swali hilo la pili ulize kipimo cha volti, kila mara, hata siku ya haraka. Nyumbani wanakungoja mzima.