Haki Ianzie Nyumbani



Wazee wa Usambara husimulia habari za Mbega, mwindaji aliyetoka nchi ya Nguu. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliziandika katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Mbega aliota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya wakati ule mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, mleta mikosi, naye hakustahili kuishi. Wazazi wake hawakumwua, lakini walipokwisha kufariki ndugu zake walimnyima urithi, wakamkataa. Mtu huyo huyo aliyekataliwa kwao ndiye Washambaa waliyemfanya mfalme, na watawala wa ukoo wake wakaitwa Simba Mwene.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa Bulwa. Tunaieleza kwa ruhusa yake, bila kumtaja jina. Kijana huyu ana usonji. Kelele humwumiza, umati humtisha, na hawezi kumtazama mtu machoni anapozungumza. Kwa mabaki ya sufi na magunia amejishonea kichwa cha mbega, yule mnyama mweusi mwenye manyoya marefu meupe anayekaa katika misitu yetu. Dunia ikimlemea, hukivaa akakaa kimya nyuma ya nyumba. Hatimaye alimweleza mama yake jambo la tatu: kwamba moyo wake hauwaelekei wasichana.

Nyumba yao ni nyumba ya sala. Rozari husaliwa kila jioni, na baba ni kiongozi wa jumuiya. Basi mambo hayo matatu yalifungwa katika fungu moja na kupewa jina moja: pepo. Mtu avaaye sura ya mnyama, kwetu, hushukiwa uchawi mara moja. Waombeaji waliitwa, wakamshika kwa nguvu usiku kucha wakimpigia kelele masikioni, yeye ambaye kelele ni mateso kwake. Kisha akatishiwa kufukuzwa.

Nami sina budi kukiri kosa langu. Mama alipokuja na kuniambia, "Padre, mwanangu ameingiliwa," nilimwagiza azidishe sala na akichome kile kinyago. Sikumwuliza kijana neno lolote. Nilipomwuliza baadaye, alinijibu hivi: "Padre, nikikivaa watu hutazama kinyago, hawanitazami mimi. Hapo ndipo napumzika."

Tulitenganishe basi fungu hilo. Usonji si pepo, wala si tunda la malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua na kufanya kazi tangu utotoni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kuwabagua wenye ulemavu na kuwapatia haki ya elimu. Kinyago nacho si uganga. Katika nchi nyingine wako vijana na watu wazima wanaojichagulia sura ya mnyama, wakajishonea mavazi na kukutana kwa furaha. Huko Pittsburgh, Marekani, maelfu yao hukusanyika kila mwaka. Wengi miongoni mwao husema kwamba ndani ya vazi hilo wamepata marafiki wasiowapata kwingine. Na sisi tuliolelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi wasemao kama watu, kwa nini tushtuke hata kumfunga mtoto kamba?

Kuhusu jambo la tatu, mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa yanajulikana, wala tahariri hii haiyabadilishi. Lakini Katekisimu hiyo hiyo iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2358, inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, na kila ubaguzi usio wa haki uepukwe. Papa Fransisko aliyarudia hayo mwaka 2016 katika waraka wake juu ya furaha ya upendo katika familia, na Januari 2023 akasema wazi kwamba hali hiyo si jinai. Katika nchi yetu sheria ya jinai inaadhibu tendo hilo kwa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Kwa hiyo neno moja la mzazi mwenye hasira, likisemwa kisimani au kilabuni, laweza kumwangamiza mtoto aliyemzaa.

Wengine watasema kwamba tunalegeza imani. Tuwakumbushe Injili ya Marko, sura ya tatu: ndugu zake Yesu walitoka kwenda kumkamata, wakidhani amerukwa na akili. Jamaa wacha Mungu waweza kukosea juu ya mtu wa nyumbani mwao. Si kila tusilolielewa ni uovu.

Kwa hiyo Tume inawaomba waamini mambo manne. Mtoto asipigwe, asifungwe kamba, wala asishikwe kwa nguvu kwa jina la maombi. Aliyoyasema kwa siri yabaki siri. Katika ibada apewe nafasi mbali na vipaza sauti, au karibu na mlango, aweze kutoka bila kunong'onwa. Na jumuiya zimtembelee mama yake, maana naye anabeba aibu asiyostahili.

Tunadai haki kwa wachumaji wa chai, kwa wajane wanaonyang'anywa mashamba, na kwa wafungwa. Tunafanya vema. Lakini tutawezaje kuidai haki kwa wakubwa, ikiwa usiku huu kuna mtoto wa mwamini anayelala nje ya nyumba ambamo rozari inasaliwa?

Kinyago kilichomwa, kama nilivyoagiza. Nimemwomba kijana msamaha, na mama yake ameanza kumtafutia sufi nyingine.