Nyumba ni Yako, Je, Ardhi Nayo?

Mwaka 2023 mama mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu mstaafu, alikwenda benki jijini Nairobi kuomba mkopo wa karo ya chuo ya kitindamimba wake. Dhamana aliyobeba ni karatasi za fleti aliyonunua na marehemu mumewe mwaka 1986, fleti iliyolipwa kwa mishahara ya walimu wawili hadi senti ya mwisho. Kijana wa benki alizisoma, akazirudisha mezani polepole.

"Mama, hizi hatuwezi kuzichukua. Imebaki miaka 16 tu."

"Miaka 16 ya nini, mwanangu? Nyumba hii nilimaliza kuilipa zamani!"

Wasomaji wangu, mama huyo hakuwa mjinga. Wengi wetu tungeuliza vivyo hivyo. Ploti nyingi za Nairobi si za kumilikiwa daima. Zimekodiwa kutoka kwa Serikali, mara nyingi kwa miaka 99. Na hesabu hiyo haianzi siku uliyopewa ufunguo. Ploti ya akina mama huyu ilianza kuhesabiwa Januari 1, 1941, kwa hivyo siku yake ya mwisho ni Desemba 31, 2039. Walipoinunua fleti, miaka 45 ilikuwa imekwisha kuliwa, wala hakuna aliyewaambia. Muda ukiisha ardhi humrudia mwenyewe, na jengo halina miguu ya kuondokea.

Sheria yenyewe si katili. Sheria ya Ardhi ya 2012, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka mwenye kukodi apelekewe barua ya rejista ndani ya miaka mitano kabla ya muda kwisha, aelezwe kwamba yeye ndiye wa kwanza kufikiriwa kupewa ardhi hiyo tena, mradi awe raia wa Kenya na ardhi isiwe inahitajiwa kwa matumizi ya umma. Wala si lazima angoje barua. Anaweza kuomba aongezewe muda wakati hati yake ingali hai, na hilo ndilo la busara.

Lakini katika fleti, mwenye kukodi ni nani? Hapo ndipo penye mwiba. Kampuni iliyojenga ndiyo iliyokodi ardhi kutoka kwa Serikali, kisha ikawakodisha wanunuzi, kila mtu fleti yake, kwa muda uleule ukipungua siku chache. Kwa hivyo barua ile ya rejista itaiendea kampuni, katika sanduku la posta la kampuni. Ombi la kuongeza muda nalo lazima litiwe sahihi na kampuni.

Mama alipoanza kuitafuta kampuni yake, aligundua kwamba wakurugenzi walikuwa watatu. Wawili wamefariki, wa tatu alihamia ng'ambo. Sanduku la posta lilifungwa zamani, na jina la kampuni limefutwa katika daftari la makampuni kwa kutopeleka taarifa zake za kila mwaka. Familia 12 zinalala juu ya hati ya marehemu! Mahakama inaweza kuombwa iifufue kampuni kama hiyo, lakini hilo ni kazi ya wakili, na wakili hali hewa.

Ziko na gharama nyingine. Kodi ya ardhi ya Serikali na ile ya kaunti sharti ziwe zimelipwa zote, mpimaji aitwe, wenye mipango ya mji watoe maoni yao, kisha ardhi ithaminiwe upya, Serikali idai ada yake na kupanga kodi mpya ya kila mwaka.

Mtu ataniuliza, je, ile Sheria ya 2020 inayompa kila mwenye fleti hatimiliki yake mwenyewe? Ni sheria nzuri, nayo inawaondolea watu utumwa wa kutegemea kampuni. Ila inataka ardhi iwe na muda usiopungua miaka 21. Akina mama wamechelewa. Sharti waongeze muda kwanza.

Basi akawaita majirani sebuleni kwake. Walikuja tisa. Mzee wa fleti ya chini alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mwaka 2039 nitakuwa na miaka 93. Mnataka nimlipe wakili nizikwe na risiti?"

"Na wajukuu wako, mzee, watazikwa nawe?"

Watu walicheka, mzee hakucheka. Mimi simlaumu. Pensheni ni pensheni, na si rahisi kutoa fedha za dawa kulipia mwaka ambao huna hakika utauona. Lakini kama angetaka kuuza kesho, mnunuzi mwenye mkopo hangempata, kwa sababu benki itamwambia yale yale aliyoambiwa mwalimu. Aliporudi baada ya wiki mbili alileta mchango wake, nusu, akasema nyingine itafuata mwisho wa mwezi.

Karo ya binti ilipatikana kwa chama cha akiba na mikopo cha walimu, kwa taabu. Kufikia sasa wenye fleti kumi wamechanga. Fleti nambari 11 ina kesi ya urithi. Mwenye nambari 7 yuko Marekani, na mpangaji wake anamjua wakala tu. Mama amempa mpangaji barua ampelekee wakala, na nakala yake ameibandika mlangoni.