Afya nyumbani: Mukono unaoumwa unaomba nini?



Labda bwana yako anapiga nyundo juu ya mawe tangu asubuhi mpaka jua kushuka. Mangaribi kiwiko kinamuluma kwa upande wa inje. Hata kushika kikopo cha maji ni taabu. Ao wewe mama: unakamua nguo, unasonga bukari, unainua mutoto, kisha maumivu yanakushika kwa kifundo cha mukono, karibu na kidole gumba.

Watu watasema: «Ni baridi iliingia mu mifupa.» Wengine: «Wamemuloga.» Hapana! Nyama za mukono zinashikamana na mifupa kwa kamba ngumu, ndizo kano. Ukirudilia mwendo mumoja mara mingi sana, kano inachoka na kuharibika kidogo kidogo. Waganga wanaita ugonjwa huu tandiniti.

Ile ya gumba, jipime hivi: kunja gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha ngumi polepole kwa upande wa kidole kidogo. Maumivu makali yakitokea kwa shina la gumba, labda ni yenyewe.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, majuma mawili ao matatu, acha ule mwendo unaoumiza. Lakini usilaze mukono kabisa; kazi nyepesi ni nzuri.

Pili, siku za kwanza weka kitambaa cha maji ya baridi dakika 10 mpaka 15, mara 3 kwa siku. Usichanje wembe, usivute mukono kwa nguvu.

Tatu, ibuprofeni inatuliza, lakini haiponyeshi. Usiimeze ili urudilie nyundo! Mama mwenye mimba, mwenye vidonda vya tumbo ao ugonjwa wa figo asiikamate bila kuuliza munganga. Sindano ya kortizoni kwa kiwiko inatuliza majuma machache tu. Mara mingi maumivu yanarudia.

Ine, maumivu ya kiwiko yakipungua, laza mukono juu ya meza, kiganja kitazame chini, kifundo kipite ukingo. Shika chupa ya maji ya nusu litre. Inua kifundo kwa musaada wa mukono wa pili, kisha ushushe polepole wenyewe. Mara 10, pumzika, rudilia mara 3. Uvumilie: kiwiko kinaweza kuomba miezi.

Mukono ukivimba na kuwa moto pamoja na homa, ao vidole vikikufa ganzi, ao maumivu yakianza kisha kuanguka, usingoje. Kimbia kwa munganga.

Utaniuliza: «Nikipumzika, watoto watakula nini?» Ulizo lako ni la kweli. Lakini anayelazimisha mukono kwa majuma atapoteza miezi. Mu kikundi chenu, ndugu achague mawe na mwingine ashike nyundo yake. Musimupe mutoto ile nyundo. Nyumbani, vijana wanaume wanaweza kukamua nguo vilevile, haiko haya. Paulo aliwaandikia Wakorinto habari ya mwili na viungo vyake. Basi, kiungo cha nyumba yenu kikiumwa mwezi huu, nani atashika zamu yake? Muongee leo, mukiisha kula.