Kufundisha Historia ya Pwani kwa Ushahidi wa Ardhini

Somo la miji ya kale ya pwani, jinsi linavyofundishwa katika shule zetu nyingi, aghalabu huwa ni orodha: Kilwa, Gedi, Pate, Mombasa, dhahabu, pembe, vyombo vya China, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Mwanafunzi huyakariri hayo, huyaandika katika mtihani, na hupewa alama zake. Akiulizwa tumeyajuaje, hunyamaza. Kasoro hii si ndogo, maana katika madarasa mengi ya pwani jambo linalozungumzwa ni asili ya watoto wenyewe walioketi mbele ya mwalimu.

Kwa muda mrefu ilisadikiwa kwamba miji hii ilianzishwa na wageni kutoka Uajemi na Arabuni. Tarikhi ya Kilwa husimulia hivyo, na wachimbuzi wa awali, kina James Kirkman wa Gedi na Neville Chittick wa Kilwa, hawakuwa mbali na fikra hiyo. Kilichowavutia kwanza kilikuwa mawe. Lakini kati ya mwaka 1980 na 1988 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, naye akashuka chini ya msikiti wa mawe. Alikuta misikiti mingine iliyotangulia, mmoja chini ya mwingine, hata akafikia alama za nguzo za jengo dogo la miti la karne ya 8. Vigae vingi vya matabaka ya chini vilikuwa vya vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji, vya aina inayopatikana hata bara. Huko Songo Mnara nako, jirani na Kilwa, uchunguzi ulioanza mwaka 2009 ulitumia vyombo vya kupima ardhi kabla ya kuchimba, na viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu vikadhihirisha mabaki ya nyumba za miti na udongo. Mji wa mawe, kumbe, ulikuwa pia mji wa udongo.

Mwaka 2023 ukaja ushahidi wa namna nyingine. Wataalamu walichunguza vinasaba vya mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wakaona kwamba kwa upande wa kina mama nasaba ya wengi ni ya Kiafrika, na kwa upande wa kina baba ni ya Kiasia, hasa ya Uajemi. Nako kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000.

Mwalimu mwenye pupa atatangaza kwamba tarikhi imeshinda. Mwenzake mwenye uzalendo mwingi atayaficha matokeo hayo. Wote wawili, kwa maoni yetu, wamempora mwanafunzi kazi yake. Hatuna budi kumpa tarikhi, misikiti ya Shanga na vinasaba kwa pamoja, kisha tumwache ajadili. Huenda akagundua mwenyewe kwamba msikiti wa miti umetangulia mchanganyiko huo kwa takriban karne mbili. Huenda pia akauliza ni akina nani waliozikwa mahali pa heshima karibu na misikiti, na mkaazi wa nyumba ya udongo alizikwa wapi. Darasa likifika hapo, mwalimu akae kimya kidogo.

Shule iliyo mbali na magofu haina udhuru. Shimo la takataka la shule lina matabaka yake: majivu ya jana juu, vifuniko vya chupa vya miaka iliyopita chini. Wanafunzi wachore ukuta wa shimo hilo na kueleza kilichotangulia. Lakini penye magofu wasichimbe kamwe wala kuokota vigae. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hukataza kuchimba bila kibali. Na hata pasingekuwa na sheria, kigae kilichoondolewa katika tabaka lake hakimwambii tena mchimbuzi kilikuwa cha zama zipi.

Wapo watakaosema kwamba muda hautoshi na mtihani unangoja. Basi watungaji wa mitihani nao wabadilike. Badala ya kumtaka mwanafunzi ataje bidhaa tano zilizouzwa Kilwa, wamchoree matabaka ya Shanga na kumwuliza: ni lipi kati ya haya lingeweza kuipinga Tarikhi ya Kilwa, na kwa nini?