Futari ya Bosi Hailipi Mshahara wa Mama Mjamzito



Leo tuambiane ukweli, hata kama utatuuma. Dada akizuiwa kuvaa hijabu shuleni, tunaandika, tunapiga simu, tunafika mpaka mahakamani. Kijana wetu akichukuliwa usiku na watu wasiojulikana, tunajaa barabarani. Ni sawa, na tusiache. Lakini mwalimu wa madrasa akishika mimba, bosi wake, Muislamu mwenzetu, anamwambia, "Nenda upumzike nyumbani, tutakuita." Mwisho wa mwezi simu yake haipokei hata shilingi. Hapo sauti zetu hazisikiki. Eti hayo ni mambo ya ndani, wasuluhishe wenyewe.

Hayo si mambo ya ndani. Ni dhuluma, na ina vifungu vyake vya sheria.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mwanamke aliyeajiriwa miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Si nusu, wala si "kitu kidogo cha maziwa ya mtoto". Hakisemi lazima kwanza amalize mwaka kazini. Likizo ikiisha, ana haki ya kurudi kwenye kazi yake, au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya mwanzo. Na likizo yake ya mwaka inabaki pale pale.

Mimba si ugonjwa, lakini mjamzito anaweza kuugua: presha ikapanda, akatapika mpaka akaishiwa nguvu, au daktari akamwamuru alale. Kwa hilo kuna kifungu cha 30. Aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo anapata, ndani ya kila miezi 12, angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara. Atoe taarifa mapema awezavyo na apeleke cheti cha daktari au cha zahanati. Sasa kuna mabosi wanaochanganya makusudi. Siku alizougua akiwa na mimba ya miezi 6 wanazikata kwenye likizo ya uzazi. Hizo ni haki mbili tofauti, usikubali ziwekwe kapu moja.

Na kumfuta kazi je? Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema mimba, au jambo lolote linalotokana nayo, si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

"Lakini huyo ni kibarua tu, hana hata barua." Tumesikia. Kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri, si la dada. Na aliyefanya kazi mfululizo muda unaofika mwezi mmoja, kifungu cha 37 hakimhesabu tena kama kibarua wa siku.

Kuna hoja moja nitaiheshimu. Mwenye duka dogo anasema, "Sina uwezo wa kulipa aliye likizo na anayeshika nafasi yake." Ni kweli, hapa Kenya mzigo huu unabebwa na mwajiri kutoka mfukoni mwake. Basi njoo tuidai serikali pamoja ianzishe mfuko wa kulipia likizo ya uzazi. Lakini mpaka uje, usimtwishe mzigo wako mwanamke mwenye mimba. Yeye ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko nyote.

Na wewe mwenye uwezo, ambaye kila Ramadhani jina lako liko kwenye bango la futari, sikiliza. Surat Al-Maida inaanza kwa kutuamrisha tutimize mikataba. Hadithi ya jasho la mfanyakazi unaijua, pengine umeisikia kwenye mimbari uliyoichangia wewe mwenyewe. Sadaka ni hiari yako. Mshahara ni deni. Huwezi kula deni la mama kisha ukalisha watu tende.

Dada yangu, fanya haya. Toa taarifa ya likizo kwa maandishi, angalau siku 7 kabla, na ubaki na nakala. Tunza kadi ya kliniki, vyeti vya daktari na jumbe za M-Pesa za mshahara. Ukifutwa, usikae ukingoja huruma: malalamiko yapeleke kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Mahakama ya Ajira ikiona umeachishwa kwa dhuluma, inaweza kuamuru ulipwe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12.

Nanyi ndugu zangu wa kiume, msiwe wa kwanza kumwambia mkeo "achana nao, riziki ni ya Mungu." Riziki ni ya Mungu, lakini mshahara huo umeshikwa na binadamu. Fuatana naye mpaka ofisi ya leba.

Ijumaa hii baada ya swala, muulize mwenyekiti wa kamati ya madrasa yenu swali moja tu: mwalimu wetu akijifungua, analipwa miezi mingapi? Akikwepa, usikasirike wala usitukane. Ijumaa inayofuata, rudini mkiwa kumi.