Taa za tela la boti ziangaliwe kabla ya giza

Familia inarudi kutoka Ziwa Victoria jioni, watoto wamesinzia kiti cha nyuma, boti ipo juu ya tela. Karibu na ikweta, jua likishazama giza huingia upesi. Boti imeziba taa za gari. Taa za tela zikiwa zimekufa, dereva wa lori anayekuja nyuma hawezi kujua kwamba gari hilo limefunga breki.

Tela la boti huzamishwa majini kila boti inaposhushwa. Balbu yenye moto ikiguswa na maji baridi huweza kupasuka, maji yakaingia na kutu ikala waya. Kwa hiyo plagi ya tela ichomolewe kabla ya kurudi kinyumenyume majini.

Wakati wa kununua, mzazi atafute taa za LED zilizozibwa kabisa, za volti 12 kama gari lake. Fundi avute waya wa ethi hadi kwenye kila taa, asitegemee chuma cha tela. Maungio yachomelewe kwa risasi na kuzibwa yasiingize maji, si kuzungushiwa tepu tu.

Kabla ya kuondoka, baba awashe taa huku mama na watoto wakisimama pembeni, si nyuma ya tela, na kuzitaja: taa ndogo, breki, indiketa ya kushoto, ya kulia. Ikigoma hata moja, safari isubiri fundi.