Gari Likigonga Mashindanoni, Usianze na Rangi

Leo naweka kando misimbo na hifadhidata, tuzungumze magari. Msikimbie lakini, maana kabla hatujafika mbali tutajikuta tumerudi kwenye kompyuta.

Wakenya tunapenda magari ya mbio, hilo halina ubishi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 na haijawahi kututoka moyoni. Wakubwa wetu wanamkumbuka Patrick Njiru akimaliza wa nne mwaka 1994 ndani ya Subaru Impreza, na Colin McRae akishinda na Impreza mwaka 1997. Kwa wengi wetu, Subaru halijawa gari la kawaida tangu siku hizo. Hata hapa Kakamega, mbali na vumbi la Naivasha, Impreza ikipita Lurambi na ule mngurumo wake, vijana watageuza shingo.

Na si wote wanaotosheka na kugeuza shingo. Kuna wanaolipa ada, wanavaa helmeti na kuingia uwanjani kushindana na saa. Wengi hawana gari la pili. Gari la mashindano la Jumapili ndilo linalowapeleka kazini Jumatatu. Sasa siku moja kona inakuja kwa kasi kuliko breki, gari linatoka njiani, linagonga ukuta wa matairi au linaingia mtaroni. Dereva anatoka mzima, Mungu ni mwema. Watu wanapiga picha. Halafu?

Halafu mara nyingi huwa hivi. Gari linaburutwa kwa fundi wa bodi. Bampa jipya, boneti kutoka gari lililokatwa, nyundo kidogo, gesi kidogo, kandiko la kuziba mabonde, rangi. Wiki tatu baadaye linang'aa. Mwenyewe hana tena hamu nalo, analiuza. Mnunuzi ni mwalimu au mhudumu wa afya aliyechukua mkopo wa sacco. Anaambiwa ni gari safi, halijawahi kuguswa.

Maoni yangu ni haya: gari lililogonga mashindanoni halijatengenezwa mpaka ukweli wa ajali yake umeandikwa, na maandishi hayo yanafuatana nalo. Rangi ni jambo la mwisho kabisa.

Kwa nini nasema mashindanoni hasa? Kwa sababu hiyo ndiyo ajali iliyo kimya kuliko zote. Fikiria ajali ya barabarani. Ukigonga ukiwa na bima kamili, kampuni hutuma mkadiriaji, anapiga picha, anaandika ripoti. Polisi nao hutoa yao. Hata kama nyaraka hizo zimejaa kasoro, angalau zipo mahali fulani. Lakini bima ya kawaida ya gari la binafsi huwa na kifungu kinachosema hailipi hasara iliyotokea gari likiwa kwenye mbio, rali au majaribio ya mwendo kasi. Kwa hiyo mwenye gari hana sababu ya kuita bima. Mkadiriaji haji. Ajali imetokea kwenye shamba au uwanja wa watu, hakuna aliyeumia, polisi hawaitwi. Matokeo yake ni kwamba gari limepigwa pigo kubwa kuliko lolote katika maisha yake, na hakuna karatasi hata moja inayolitaja.

Wenzangu wa programu wanaijua hali hii. Ni seva iliyoanguka usiku, mtu akaiwasha upya, akafuta kumbukumbu za hitilafu, asubuhi akasema kila kitu kiko sawa.

Tuwatazame wanaofanya kazi hii kwa kiwango cha juu. Juni 2023, kwenye majaribio kabla ya Safari Rally kuanza, Kalle Rovanperä, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 2022, aliipindua Toyota GR Yaris yake. Mafundi wakaitengeneza, akaanza mashindano na wenzake, na siku ya mwisho akamaliza wa pili nyuma ya Sébastien Ogier. Kwa hiyo sisemi kwamba gari lililopinduka ni la kutupwa. Gari linaweza kupinduka, likatengenezwa, na likakimbia kwenye mawe ya Naivasha kwa siku kadhaa.

Lakini angalia sheria zinazowazunguka mafundi wale. Kwenye rali za ubingwa wa dunia, bodi na bloku ya injini huwekewa alama kwenye ukaguzi wa mwanzo. Gari likiharibika njiani, likatengenezwa na kutaka kurudi siku inayofuata, ni lazima lirudi na bodi ileile na bloku ileile, na wakaguzi walitazame upya. Magari hayo yana hata pasipoti ya kiufundi. Mafundi wale ni hodari, ndiyo, lakini pia hawawezi kuficha. Hilo la pili ndilo tunalolikosa huku mitaani.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Ukigonga uwanjani, mpangilio ninaouona mimi ni huu.

1. Uhai kwanza. Ukisikia harufu ya petroli au ukiona moshi, zima, toka, betri itenganishwe, usifikirie mengine. Kama gari ni la haibridi, usiguse nyaya nene za rangi ya machungwa. Hizo zina umeme wa kuua. Magari ya Rally1 ya 2022 hadi 2024 yalikuwa na taa maalumu kuwaonyesha waokoaji kama ni salama kuyagusa. Gari lako la kawaida halina taa hiyo, kwa hiyo lichukulie kuwa si salama mpaka anayejua alikague.

2. Okoa data. Kama hakuna hatari, kabla ya mtu kuchomoa betri kwa muda mrefu au kufuta chochote, soma kompyuta ya gari. Siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa Bluetooth. Vitakupa namba za hitilafu, na mara nyingi hali ya injini wakati hitilafu ilipoingia: mwendo, mizunguko, joto la maji. Kwenye magari mengi ya kisasa, kompyuta ya mifuko ya hewa nayo huhifadhi sekunde chache kabla ya pigo, ingawa kuisoma kunataka vifaa vya kitaalamu. Piga picha kila upande, na chini pia. Chukua video kwa walioirekodi ajali. Vyote hivi ni ushahidi, na ushahidi huoza haraka.

3. Pima mifupa. Magari mengi madogo hayana fremu ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Sehemu za mbele zimeundwa zijikunje mara moja ili wewe usijikunje, na zikishajikunja kazi yake imekwisha. Kwa hiyo chukua tepu, pima mishazari miwili chini ya gari, kutoka mahali miguu ya mbele inapofungwa upande mmoja hadi ya nyuma upande wa pili, kisha kinyume chake. Vipimo visipolingana, bodi imepinda, na hakuna rangi inayonyoosha hiyo. Watengenezaji wana michoro ya vipimo vya kila bodi, itafute. Na mwangalie sana anayetaka kunyoosha nguzo kwa moto wa gesi. Chuma cha nguvu ya juu kikipashwa mpaka kikawa chekundu hupoteza ugumu uliolipiwa kiwandani.

4. Badilisha vinavyookoa maisha. Mikanda iliyokaza kwa pigo kubwa, mifuko ya hewa iliyofutuka, helmeti iliyogonga kitu. Hivi havirekebishwi.

5. Halafu mitambo: miguu, shoki, usukani, rejeta. Mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, Thierry Neuville alianza siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja. Shoki moja ya nyuma ikaharibika, na ushindi ukaenda kwa Ogier. Kifaa kimoja ambacho mtazamaji hakioni kikatosha kumaliza kila kitu.

6. Sasa paka rangi.

Kuna hila moja inayonikera kuliko zote, labda kwa sababu ni ya kompyuta. Mfuko wa hewa ukishafutuka na mwenye gari hataki kununua mwingine, taa ya onyo hubaki imewaka kwenye dashibodi. Basi mtu anachukua rezista ya shilingi chache, anaiunga kwenye waya ulioelekea kwenye mfuko. Kompyuta inapima upinzani wa umeme, inaona namba inayoitarajia, inaamini mfuko upo. Taa inazima. Nyuma ya kifuniko cha usukani hakuna kitu.

Sisi watu wa programu tuna kosa la aina hiyohiyo: kunasa hitilafu na kuinyamazisha ili mteja asione ujumbe mwekundu. Lakini programu ikidanganya, kwa kawaida mtu hupoteza faili. Gari likidanganya kwenye mteremko wa Kiboswa kwenda Kisumu, huku mvua ya alasiri inanyesha na matatu iko mbele, mtu hupoteza kifua chake. Na huyo mtu si yule aliyeshindana Jumapili ile. Ni mama aliyeketi mbele na mtoto mapajani, hata jina la uwanja ule hajawahi kulisikia.

Je, mnunuzi anaweza kujikinga? Kidogo. Rekodi ya gari kutoka NTSA itakuonyesha mmiliki na namba za chesisi na injini, lakini haikuandikiwa kusimulia ajali. Ajabu ni kwamba magari mengi tunayonunua yalizaliwa kwenye mfumo unaosimulia. Gari likipitia mnadani Japani, mkaguzi huliandalia karatasi: daraja lake, mchoro wa bodi, alama za mikwaruzo na mabonde, na kwa kawaida herufi R au RA kama liliwahi kutengenezwa baada ya ajali. Karatasi hiyo mnunuzi wa mwisho huku kwetu mara nyingi haioni, na baada ya gari kuvuka bandari hakuna anayeiendeleza. Tumeagiza gari, tukaacha kumbukumbu yake baharini.

Pendekezo langu ni dogo. Waandaaji wa mashindano, kupitia shirikisho letu la michezo ya magari, wawe na daftari la ajali linalosomeka mtandaoni. Gari likigonga vibaya, namba ya chesisi inaandikwa, tarehe, picha, sehemu iliyopigwa. Likitengenezwa, fundi anaongeza vipimo na picha za kabla ya rangi. Kuongeza ruhusa, kufuta hakuna. Hakuna haja ya teknolojia ya kutisha. Jedwali moja na seva ndogo vinatosha, mwanafunzi wa Masinde Muliro anaweza kuliandika katika likizo moja. Majina ya watu yasiwekwe, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo na inatuhusu. Kinachotakiwa ni historia ya chuma.

Na hawa vijana wanaosomea magari pale Sigalagala, wafundishwe kwamba vipimo na picha ni sehemu ya kazi, sawa na spana.

Najua nitakayoambiwa. Kwamba bei ya gari itashuka. Ndiyo, itashuka, na ndivyo inavyopaswa. Hasara ya ajali ipo tayari; swali ni nani ailipe, aliyeshika usukani siku ile au asiyejua lolote. Nitaambiwa pia kwamba wanaogonga wataacha kusema. Uwanjani kuna waandaaji, kuna mashahidi, kuna simu mia zinazorekodi. Ni mahali pagumu kuliko barabarani kuficha ajali, kama kuna anayetaka kuiandika. Na watasema fundi wa kando ya barabara atakosa riziki. Mimi naona kinyume. Fundi hodari leo analipwa sawa na mpaka-kandiko, kwa sababu baada ya rangi kazi zao zinafanana. Picha za kabla ya rangi ndizo zitakazowatenganisha.

Mimi si adui wa mbio. Tena naona ni heri vijana wakimbizane uwanjani wakiwa na helmeti kuliko kwenye barabara ya Webuye usiku. Lakini uhuru wa kukimbia unakuja na deni la kusema ulichogonga.

Wewe unayesoma, kama una gari lililowahi kugonga, huna haja ya kungoja daftari la mtu. Weka picha na vipimo kwenye bahasha moja na logibuku, na siku ya kuuza toa vyote pamoja. Mkiwa na mawazo tofauti, niandikieni. Karibuni tubishane.